Siku ya shwari nangani: tupeane uzoefu

Bildi Mkononi: Wakuu, nimeona picha ya mashua imetia nanga kwenye bahari ya joto, maji yamelala, watu wamejinyosha chini ya turubai. Jicho langu limeishia kwenye mnyororo: umening'inia wima kutoka omo, yaani mbele ya chombo, haujavutwa hata kidogo. Kwa kuutazama hivyo, hujui kama nanga imeshika. Mnaoshinda nangani siku kama hizo, mnakagua nini, na huwa kinaharibika nini?

Omo Mbele: Hesabu ya mnyororo kwanza. Mtu anafika maji yamekupwa, anapima mita 5, anazidisha kwa 5, anateremsha mita 25, analala. Hesabu yenyewe ni hii: kina 5, ongeza maji yatakayojaa, tuseme 3 wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, ongeza 1 ya kimo cha omo. Jumla 9. Mara 5 ni mita 45. Kwa zile 25 zake, maji yakijaa hafikishi hata mara 3, na mnyororo unainyanyua nanga badala ya kuilaza. Mwenye amari ya kamba, yaani anayefunga nanga kwa kamba badala ya mnyororo, azidishe kwa 7, na kati ya kamba na nanga aweke mnyororo wa mita 10 hivi, kamba isisagwe na mawe.

Maji Mafu: Naunga mkono. Bamvua imewaumbua wengi.

Mzamiaji: Hesabu bila kuona chini ni nusu ya kazi. Ingia jua likiwa juu na nyuma yako. Doa la kahawia ni mwamba au nyasi, kijani cheupe ni mchanga. Tia nanga mchangani. Rudi nyuma kwa injini, pole pole, kisha ongeza nguvu, shikilia nusu dakika huku ukitazama vitu viwili vya nchi kavu vilivyopangana, mti na jiwe kwa mfano. Vikiachana, unaburuta. Halafu vaa miwani uzame: mkono wa nanga uwe umezikwa mchangani. Ukiukuta umelala ubavu juu ya nyasi, ng'oa uanze upya.

Na shwari ina ubaya wake. Chombo hakina upepo wa kukishika, kinazungushwa na mkondo, mnyororo unajifunga kwenye kichwa cha tumbawe. Ulikuwa na mita 45, sasa una 8. Wimbi likija, omo inavutwa chini kwa kishindo, pingu inayounga mnyororo na nanga inapinda. Funga maboya madogo kwenye mnyororo, la kwanza mbali na nanga kiasi cha kuuacha mnyororo wa mwanzo ulale mchangani, yanayofuata yanyanyue uliobaki juu ya matumbawe.

Sukani: Hayo yote ni asubuhi. Subirini saa 9 alasiri.

Hata ule upepo mdogo unakufa. Kwa mbali kuna wingu jeusi, kitako kimenyooka, na chini yake mstari mweupe juu ya maji. Huo ni upepo unakuja, una dakika 10 au pungufu. Unasikia baridi shingoni. Upepo unapiga kutoka upande wa pili kabisa, kwa hiyo ufuko uliokukinga tangu alfajiri sasa uko nyuma ya tezi, upande wa nyuma wa chombo. Chombo kinageuka, lundo la mnyororo linanyooka kwa mpigo mmoja, nanga iliyozikwa kuelekea huku inavutwa kutoka kule, inang'oka. Turubai inajaa upepo, imekuwa tanga. Mtu anakimbilia injini, anatia gia, na kamba ya kihori, ile mashua ndogo ya kukokotwa, iliyokuwa inaelea nyuma inajizungusha kwenye rafadha, panga linalosukuma chombo. Injini kimya. Mwamba uko mita 60.

Kinachoua chombo hapo ni ile kamba ya kihori. Ukiona wingu: kihori kipandishwe au kifungwe ubavuni, turubai chini, injini iwashwe ingali shwari, mtu mmoja akae omo.

Omo Mbele: Na mnyororo uongezwe. Mita 20 zaidi zinamaliza habari.

Sukani: Mkuu, umesoma? Mwamba mita 60 nyuma. Ukiongeza 20 unabaki na 40, na bado hujui nanga imeshika. Sogeza injini mbele taratibu, punguza mvuto.

Omo Mbele: Injini ikizidi unaupita mnyororo wako mwenyewe, kisha unarudishwa nyuma kwa kishindo. Nafasi ya mnyororo ipimwe asubuhi, si wingu likiwa kichwani.

Sukani: La asubuhi nakubali. La kuongeza mnyororo ukiwa na mwamba nyuma, silikubali.

Mama wa Kihori: Mnabishana, watu wanaogelea! Ngazi iteremshwe KABLA ya mtu wa kwanza kuruka. Ubavu wa mashua ni laini, hakuna pa kushika, na mkondo haungoji. Nyuma funga kamba ya mita 30 yenye boya mwishoni. Injini isiwashwe kuchaji betri huku kuna watu majini nyuma: kuna rafadha, na moshi wake unalevya.

Maji Mafu: Kamba ya boya nyuma, halafu mtu atie gia?

Mama wa Kihori: Kamba inayoelea, na inavutwa ndani mwogeleaji wa mwisho akipanda. Hapo ndipo ufunguo wa injini unaguswa.

Tezi: Kabla ya giza, taa moja nyeupe inayoonekana pande zote. Angalieni na ngama, sehemu ya chini ndani ya chombo maji yanapokusanyika: maji yakiwa yamepanda tangu asubuhi na mvua haijanyesha, yaonjeni. Ya chumvi, anzeni kwenye mhimili wa rafadha.

Bildi Mkononi: Na msumari wa pingu?

Tezi: Ufungwe kwa waya. Shwari nayo inaulegeza, kwa kuzunguka tu.