Kabati la zamani la Gikomba: rangi ya chaki, rangi ya mafuta, ama nilikwangue libaki mbao?

Sebule_Pangani
Habari za jioni wote. Nimeona kabati la vyombo la zamani soko la Gikomba hapa Nairobi, upande wa mbao. Muuzaji ameanzia 14,000, naona 11,500 atakubali. Nataka likae sebuleni chini ya dirisha, liwe jeupe la rangi ya maziwa, juu yake jagi la enameli lenye maua na sahani za zamani zenye michoro ya waridi. Niko njia panda: rangi ya chaki, rangi ya mafuta isiyong'aa, ama nitoe kila kitu nipake vanishi? Ipi itadumu? Jumamosi narudi kulipa.

fundi_msasa
Karibu. Lakini hapo bado hujatupa kitu cha kujibu. Ni mbao gani? Ni mbao nzima ama ni ubao wa kubandikwa ngozi juu? Lina rangi tayari ama vanishi? Vipimo? Nyumba ni yako ama ya kupanga? Rangi inayodumu kwa saipresi yaweza kukuharibia mvule ndani ya wiki moja.

Bawaba_na_Droo
Na ukirudi Jumamosi usiende mikono mitupu. Beba pamba, chupa ndogo ya spiriti, tina ya laka (kiyeyushi, thinner) kidogo na tochi.

Vuta droo moja nje kabisa. Angalia ukingo wa ubao wa juu: mistari ya mbao ikiteremka hadi ukingoni, hiyo ni mbao nzima. Ikikatika kama karatasi iliyokunjwa, ni ngozi ya mbao, na msasa wa mashine utaitoboa kwa dakika moja. Kisha lowesha pamba kwa spiriti, bandika mahali pasipoonekana kwa muda wa kuhesabu hadi 60. Ikinata, hiyo ni shelaki, aina ya vanishi inayoyeyuka kwa spiriti. Kama haikusikia spiriti, jaribu tina. Ikiyeyuka ni laka. Isiposikia chochote, yaelekea ni vanishi ya mafuta, na hiyo ndiyo kazi ngumu ya kukwangua.

Tochi ni ya matundu. Tundu la milimita 1 au 2 lenye unga laini kama wa ngano chini yake maana yake wadudu bado wanakula. Matundu ya zamani yana rangi nyeusi ndani na hayatoi unga. Ukishindwa kuamua, tandika karatasi nyeusi chini ya kabati siku tatu uone kama kuna unga mpya.

Sebule_Pangani
Asanteni. Urefu sentimita 120, kina 45, kimo 90. Milango miwili, droo tatu. Muuzaji anasema ni mvule. Lina rangi ya kijani iliyochubuka na chini ya kijani kuna nyeupe. Nyumba ni ya kupanga. Pia nina mtoto wa miaka miwili, sijui kama hilo linahusu.

Mama_Brashi
Linahusu kuliko yote! Rangi ya kijani ya zamani juu ya nyeupe ya zamani, hiyo ichukulie kuwa ina madini ya risasi mpaka ithibitike haina. Marekani ilipiga marufuku rangi yenye risasi kwa nyumba za makazi mwaka 1978, lakini kabati halina cheti cha kuzaliwa. Rangi za kijani na manjano za zamani mara nyingi zilitiwa risasi.

Kwa hiyo usikwangue kavu ndani ya nyumba, na usitumie mashine. Moto nao usiusogeze karibu, maana ule moshi ndio sumu. Lipeleke nje, tandika nailoni, vaa barakoa inayokaza usoni (N100 au P100, zinazofaa kwa vumbi la risasi), tumia msasa wa maji namba 120 ukiwa umelowa, futa tope kwa matambara utakayofunga kwenye mfuko na kutupa. Nguo za kazi zifuliwe peke yake. Mtoto asiwe karibu hadi umalize kufuta kila kitu kwa kitambaa kibichi.

Kama rangi iliyobaki imeshika imara, usiitoe. Ikwaruze tu ishike, ifunike. Iliyofunikwa vizuri bila kuchubuka haina vumbi la kumdhuru mtoto. Isipokuwa kingo za milango na njia za droo, pale mbao husuguana. Hapo lazima itoke.

Chaki_na_Waridi
Basi jibu ni rangi ya chaki. Annie Sloan, Mwingereza, aliibuni mwaka 1990 kwa kazi kama hii, kushika juu ya rangi ya zamani bila kukwangua sana. Kopo la nje ni ghali hapa, ila unaweza kuchanganya mwenyewe: vikombe 3 vya emulsheni (rangi ya maji ya ukutani) isiyong'aa, kikombe 1 cha plasta ya Paris, kikombe 1 cha maji. Koroga plasta na maji kwanza hadi iwe kama uji mwepesi, ndipo umimine kwenye rangi. Ukitia unga mkavu moja kwa moja utapata madonge ambayo brashi haitayaondoa. Changanya ya kutumia ndani ya saa moja tu, plasta huganda. Ukipata unga wa kalsiamu kaboneti (unga wa chaki, si chokaa ya kujengea), huo haugandi na rangi hukaa siku kadhaa.

Paka mikono miwili (yaani mara mbili), msasa namba 240 kwenye kingo ili ya chini ichungulie kidogo, kisha nta. Kwa sahani za waridi na jagi la enameli hakuna kinachopendeza zaidi.

Mama_Brashi
Dada, umesoma kuna mtoto na risasi? Hiyo ya kusugua kingo hadi rangi ya chini ichungulie ndiyo hasa asifanye. Akitaka mwonekano huo, apake kahawia yake mwenyewe kwanza, juu yake nyeupe, asugue hadi kwenye kahawia hiyo tu.

Chaki_na_Waridi
Hilo nakubali, sikuliwaza. Kingo zisisuguliwe.

fundi_msasa
Kuna jambo la pili, la mvule wenyewe. Niandike kwa kirefu kwa sababu kosa hili linarudi kila mwaka.

Kabati moja la mvule, droo tatu kama hili, lilioshwa kwa maji ya magadi, likakauka siku moja, likapakwa emulsheni nyeupe mikono miwili. Ilikuwa Aprili, mvua kila jioni. Asubuhi lilionekana safi kabisa. Siku ya tatu michirizi ya rangi ya chai ikatokea kwenye milango, ikifuata mistari ya mbao, na mizito zaidi pale maji ya magadi yalipokaa. Wakadhani ni uchafu, wakapaka mkono wa tatu. Michirizi ikarudi baada ya siku mbili. Mkono wa nne, hivyo hivyo. Kila mkono wa rangi ya maji ulilowesha mbao upya na kuvuta tena ile rangi ya asili iliyo ndani ya mvule. Mwishowe wakapaka rangi ya mafuta juu ya emulsheni ambayo haijakomaa. Ya juu ikakauka ngumu, ya chini bado laini, ikapasuka kama ngozi ya mamba. Milango ikanata kwenye fremu, na walipoifungua kwa nguvu ukanda wa rangi wa karibu futi nzima ulibanduka na kubaki kwenye fremu. Likakwanguliwa lote hadi mbao, kwa gharama iliyopita bei ya kabati.

Makosa yalikuwa mawili. Magadi ni alikali, na alikali huitia giza mbao yenye tanini (kemikali ya asili ya mbao inayoacha madoa kama ya chai). Tumia sabuni ya kawaida ya maji na kitambaa kilichokamuliwa. La pili, hapakuwa na kizuizi. Chini ya rangi nyeupe, mvule unahitaji shelaki: gramu 180 za vipande katika lita 1 ya spiriti, ukae usiku kucha, uchuje kwa soksi nyembamba, uache utulie, umimine ile ya juu iliyo safi. Nta iliyo chini usiitumie, rangi haiishiki. Mikono miwili, saa moja katikati. Ndipo rangi yoyote.

Ngong_Rd_Mpenzi
Kwa taabu yote hiyo, si atengenezewe jipya na mafundi wa samani wa Ngong Road? Saipresi, vipimo vyake, rangi anayotaka, hakuna risasi.

fundi_msasa
Nawaheshimu sana mafundi wa pale. Shida ni unyevu wa mbao. Saipresi mbichi ikipigwa misumari leo, miezi mitatu baadaye paneli zimesinyaa na rangi imepasuka kwenye kila maungio. Akienda huko aulize mbao ilikaushwa vipi, aubebe ubao mmoja mkononi. Mbichi ni nzito na ni baridi ukiigusa kwa shavu. Na mafundo ya saipresi hutoa utomvu unaopita kwenye nyeupe, kwa hiyo shelaki haikwepeki huko pia.

Bawaba_na_Droo
Mvule wa umri huo umeshatulia, hautasinyaa sana tena. Kwangu mimi kuupaka rangi ni hasara. Bei ya mvule leo kila mtu anaijua.

Chaki_na_Waridi
Sebule nyingi za Pangani ni za magorofa yaliyobanana, jua haliingii sana. Kabati jeusi chini ya dirisha litaifanya ionekane pango. Watu wanaishi na mwanga, hawaishi na bei ya mbao.

Bawaba_na_Droo
Mwanga aulete kwa ukuta. Ukuta wa nyumba ya kupanga unapakwa upya kila mpangaji akitoka. Mvule ukishaingia rangi kwenye vinyweleo vyake hautarudi ulivyokuwa.

Mama_Brashi
Vinyweleo hivyo vina rangi mbili tayari, mzee wangu. Hoja yako ingekuwa na nguvu kama lingekuwa na vanishi. Kulikwangua hadi mbao ni kuitoa risasi yote iwe vumbi. Na vumbi la mvule peke yake huwasha ngozi na kubana kifua. Kwa nyumba yenye mtoto mdogo, napiga kura ya kufunika.

Sebule_Pangani
Sasa kama ni kufunika, ya chaki ama ya mafuta? Na ninunue kiasi gani? Wa hadwea (duka la vifaa vya ujenzi) ameniambia lita 4.

Mama_Brashi
Lita 4 utapaka na kabati la jirani. Hesabu: juu mita za mraba 0.54, pande mbili 0.81, mbele 1.08. Jumla kama 2.4. Mikono miwili ni karibu 5, na lita 1 hufunika 10 hadi 12. Lita 1 ya rangi na lita 1 ya andakoti (rangi ya msingi inayotangulia) zinatosha, hata ukipaka rafu ndani.

Mimi ningepaka ya mafuta isiyong'aa. Msasa wa maji, shelaki, andakoti, mikono miwili myembamba kwa rola ya sponji, saa 24 katikati. Tina ya rangi ya mafuta kidogo tu, isizidi asilimia 5. Ukiwa Julai na lile baridi letu, ngoja saa 36. Usiweke sahani juu kabla ya wiki mbili. Inaonekana imekauka, lakini miguu ya jagi itaacha alama za kudumu.

Chaki_na_Waridi
Usimfiche ubaya wake. Nyeupe ya mafuta hugeuka manjano penye giza. Ndani ya droo na nyuma ya milango itakuwa rangi ya siagi kabla ya miaka miwili. Ya maji haigeuki.

Mama_Brashi
Kweli, na ndiyo maana ndani ningeacha shelaki tupu. Nawe mwambie kuhusu nta: kikombe cha chai ya moto kinaacha duara, mafuta ya chapati yanaingia, na kila mwaka inapakwa upya. Akitaka chaki, juu aweke vanishi ya maji isiyong'aa, mikono mitatu. Vanishi ya mafuta hapana, itaugeuza weupe wote.

Bawaba_na_Droo
Vishikio je? Pima kati ya tundu na tundu kabla ya kununua vipya. Vya zamani mara nyingi ni inchi 3, yaani milimita 76. Vya madukani sasa mara nyingi ni 96 au 128. Ukikosa kulingana, jaza matundu ya zamani kwa njiti za kibiriti na gundi ya mbao, kata, piga msasa, toboa upya. Kama vilivyopo ni vya shaba, sugua kwa limau na chumvi, suuza mara moja, kausha. Usivipake rangi, nakusihi.

Sebule_Pangani
Ni vya shaba, viwili havipo. Nitapima. Na maua? Nilitaka waridi na yungiyungi (lily) kutoka City Market kila Ijumaa. Paka wetu anapenda kulala juu ya kila kitu karibu na dirisha.

Waridi_Naivasha
Yungiyungi hapana kabisa kama kuna paka. Chavua kidogo aliyoilamba kwenye manyoya, ama maji ya jagi, vinatosha kuua figo zake. Chukua alstromeria, zinakaa hadi wiki mbili ukibadilisha maji, na waridi.

Waridi ukifika nayo nyumbani kata sentimita 2 za shina kwa mshazari, toa majani yote yatakayozama. Lita 1 ya maji, kijiko kikubwa 1 cha sukari, viwili vya maji ya limau, nusu kijiko kidogo cha Jik (dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe). Sukari bila Jik ni kulisha bakteria na shina huziba. Badilisha kila siku mbili. Na bakuli la ndizi mbivu liwe mbali: gesi yake hunyausha maua, hasa maua ya carnation, kwa siku chache tu.

Jagi la enameli likiwa limechubuka ndani usitie maji moja kwa moja. Kutu itatoboa, na maji yatakaa chini yake juu ya rangi yako mpya. Ingiza chupa ya jemu ndani, maua yakae humo.

Chaki_na_Waridi
Na maua ya statisi ya zambarau! Zikaushe zikiwa zimening'inia kichwa chini, mahali penye giza na hewa, wiki mbili hadi tatu. Zinabaki na rangi mwaka mzima.

Waridi_Naivasha
Chini ya dirisha lenye jua hazibaki. Dirisha linaelekea wapi?

fundi_msasa
Nami nauliza hilo hilo kwa sababu ya rangi. Na droo zinateleza? Hujasema.

Sebule_Pangani
Moja imekwama kabisa, sikuifungua. Dirisha sijui linaelekea wapi, jua huingia asubuhi kidogo. Muuzaji amenipigia sasa hivi, anasema kuna mtu mwingine analitaka kwa 12,500.

Bawaba_na_Droo
Usilipe kabla ya kuifungua hiyo droo. Iliyokwama ndipo wadudu hujificha.