Naomba ushauri: nimweleze vipi Panait Istrati?

Wakuu, naandaa mazungumzo ya nusu saa kwa kikundi chetu cha wasomaji kuhusu Panait Istrati, mwandishi na mwanahabari wa Romania, aliyezaliwa 1884 Brăila, bandari ya mto Danube. Mama yake alikuwa dobi. Yeye mwenyewe alipiga vibarua na kuwa fundi rangi. Mwaka 1921 alijaribu kujiua mjini Nice, Ufaransa, akaokolewa. Alikutwa na barua aliyomwandikia Romain Rolland, mwandishi wa Ufaransa, ambaye baadaye alimhimiza aandike. Mwaka 1929, baada ya kuzunguka Umoja wa Kisovieti, aliukosoa hadharani na wenzake wa mrengo wa kushoto wakamtenga. Ujasiri huo ndio unaonigusa zaidi. Nianzie hapo, au kwenye maisha ya bandarini? Wengi hawajawahi kumsikia.