Je, umri wa miaka 122 wa Jeanne Calment unaaminika?

Swali
Ndugu zangu, nimekuwa nikisoma habari za Jeanne Calment, bibi wa Ufaransa aliyezaliwa mjini Arles tarehe 21 Februari 1875 na kufariki humo humo tarehe 4 Agosti 1997. Anayemfuata kwa umri uliothibitishwa, Kane Tanaka wa Japani, alifariki mwaka 2022 akiwa na miaka 119. Pengo hilo la takriban miaka mitatu linanitatiza, hasa baada ya kusikia kwamba huenda aliyefariki mwaka 1997 alikuwa binti yake. Madai hayo yana uzito gani?

Jibu la kwanza
Madai hayo yalivuma mwaka 2018 kupitia kwa Nikolay Zak, mwanahisabati wa Urusi. Kwa maelezo yake, aliyekufa mwaka 1934 ni Jeanne mwenyewe, naye binti yake, Yvonne, akachukua jina la mama ili familia ikwepe kodi ya urithi. Yvonne alizaliwa mwaka 1898, kwa hiyo kama Zak yuko sahihi, bibi tuliyemsifu alikufa akiwa na miaka 99. Mimi siwezi kuyapuuza, kwa sababu taarifa kwamba aliendesha baiskeli hadi kufikia miaka 100 humezeka kwa urahisi zaidi ukimpunguzia miaka 23.

Jibu la pili
Ndugu, ukiyafuata madai hayo hadi ndani ya nyumba, ndipo yanapolegea. Fernand Calment, mume wa Jeanne, aliishi hadi mwaka 1942, maana yake angelazimika kumtambulisha binti yake kuwa mkewe kwa miaka minane, huku mume halali wa binti huyo akinyamaza, na mjukuu wao Frédéric, mtoto wa miaka saba wakati huo, akifundishwa kumwita mama yake bibi. Hayo yote yafanyike katika mji ambao familia hiyo ilikuwa na duka kubwa la nguo na kujulikana na wengi! Jean-Marie Robine na wenzake, ambao ndio waliouthibitisha umri wake kwa vyeti na kumbukumbu za sensa, walijibu kwa maandishi mwaka 2019 na kushikilia msimamo wao. Kuhusu pengo, jambo la nadra halithibitishi udanganyifu. Linatutaka tu tuzikague hati kwa ukali zaidi.

Jibu la tatu
Ningependa kuongeza habari ya mkataba wa nyumba yake. Mwaka 1965, akiwa na miaka 90 na bila mrithi, kwani Frédéric alikuwa amefariki kwa ajali ya gari miaka miwili nyuma, aliuza makazi yake kwa utaratibu wa Kifaransa ambao mnunuzi humlipa muuzaji kila mwezi maisha yake yote, kisha hukabidhiwa nyumba muuzaji akifariki. Mnunuzi, André-François Raffray, alikuwa na miaka 47 na kazi yake ilikuwa kuthibitisha hati za kisheria, hivyo kama kuna mtu aliyekuwa na ujuzi na sababu ya kuuchunguza umri wa bibi huyo, ni yeye. Alilipa faranga 2,500 kila mwezi hadi alipofariki mwaka 1995, wakati malipo yalikuwa yamekwisha kuzidi mara mbili ya thamani ya nyumba, na mjane wake akaendelea kulipa hadi mwaka 1997.