Mrejesho: samaki wa kula mwani kwenye tangi la lita 80

Asanteni wadau. Swali lilikuwa: tangi la lita 80, vioo na majani vimefunikwa na mwani, nichukue pleko wa kawaida (kambare wa kukwangua mwani) au nani?

Pleko wa kawaida nimemwacha. Dukani ana sentimita 6, lakini hukua kupita 30, na kinyesi chake huongeza naitreti, chakula chenyewe cha mwani. Nimechukua ansistrasi mmoja, ndugu mdogo wa pleko, ambaye huishia sentimita 12 hadi 15. Kipande cha gogo ni cha lazima kwake, hukikwangua kila siku.

Otosinklasi sita, kambare wadogo sana wa kula mwani, wameingia wiki tatu baadaye, baada ya utando wa kahawia, ambao ni mwani wanaoula, kuonekana vizuri. Hawa msiwaharakishe jamani! Wengi hufika dukani wakiwa na njaa, na tangi jipya lililo safi huwamaliza. Chagua wenye tumbo la mviringo, si lililobonyea. Mwani ukipungua, wape kipande cha tango kilichochemshwa dakika moja, kifungwe kwenye jiwe kizame, kisha kitolewe asubuhi kabla hakijaoza.

Vioo sasa ni safi. Madoa magumu ya kijani yamebaki, hayo nayakwangua kwa kadi ya plastiki. Ila samaki peke yao wasingetosha: muda wa kuwasha taa umeshuka kutoka masaa 12 kwa siku hadi masaa 7, na robo ya maji hubadilishwa kila wiki, maji mapya yakiwa yameondolewa klorini.