Kikundi chetu cha usomaji Tabora kimekwama kwenye "dhamira", naombeni ushauri

Binti_Isevya (mleta mada):
Habari za jioni wakuu. Tuna kikundi cha kusoma hapa Isevya: vijana waliomaliza kidato cha nne, akina mama wa sokoni na mzee mmoja mstaafu wa reli. Nia ni kusoma kazi kubwa za zamani, za kwetu na za ng'ambo, tuone zinakutana wapi. Tatizo vijana bado wako kwenye chumba cha mtihani. Nikifungua tu Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare kuhusu mtawala wa Roma aliyeuawa na wenzake, wanataja: usaliti, uchu wa madaraka, urafiki. Wakishataja, kimya, kila mtu na simu yake. Nifanyeje?

Kitwana wa Reli:
Kitabu kizima kiache kwanza. Chukua pale kwenye mazishi ya Kaizari. Mmoja awe Brutus, aliyekuwa miongoni mwa wauaji, mmoja Antony, rafiki wa Kaizari, waliobaki wote umati. Brutus anaongea, umati unamshangilia. Antony akimaliza, walewale wanakwenda kuchoma nyumba za wauaji. Usiishie hapo! Njiani wanakutana na Cinna, mshairi, jina lake sawa na la mmoja wa wala njama. Anajitetea kwamba yeye ni mshairi tu. Mtu anadakia: basi auawe kwa mashairi yake mabaya. Sasa wageukie umati wako uwaulize nani kamuua. Mtu akijibu "usaliti" mwambie akae chini.
Isomeni kwa sauti, tafsiri ya Nyerere ya 1969 imeandikwa itamkwe. Naye si alisoma hapohapo Tabora?

JichoKodo:
Mimi napinga. Roma ya nini wakati Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert, ipo tangu 1951? Karama anaburutwa mahakamani na waziri kwa sababu ya kufundisha uanasheria, anajitetea kwa visa vya wajumbe waliotumwa kuitafutia nchi mema, wakarudi wakafungwa. Achaneni na watu wa kujifunga mashuka.

Mama Chausiku:
JichoKodo mwanangu, nani kakwambia lazima achague? Hapo Unyamwezi wanaume walikwenda pwani na misafara wakibeba pembe, wake wakabaki. Sasa msikilize Odysseus wa Wagiriki, yule shujaa wa utenzi wa Homer: vitani miaka 10, njiani miaka 10. Watu hupenda majitu na mawimbi, mimi namtazama mkewe, Penelope. Mume karudi, nyumba nzima inashangilia, yeye hasogei. Anamwambia mtumishi akitoe kitanda cha mume chumbani. Mume anawaka: kitanda hicho alikijenga mwenyewe juu ya kisiki cha mzeituni chenye mizizi ardhini, nani kakihamisha? Siri hiyo wanaijua wao tu. Ndipo mama akamkumbatia.
Waulize wenzangu wa sokoni kama alikosea kumpima. Vijana wakikimbilia "uaminifu", waulize wa nani, maana bwana huyo njiani alikaa na Calypso, mungu wa kike wa kisiwani, miaka saba. Mtakesha.

Binti_Isevya:
Shikamoo Mama. Hiyo ya kitanda naipeleka kama ilivyo, ila nitawaficha mwisho wake mpaka wabishane kwanza. Jumamosi tunaanza na umati. Mzee wa reli ameshadai awe Cinna.

JichoKodo:
Sawa, lakini wiki inayofuata ni Karama. Na kesi isomwe yote, msiruke wajumbe.

Kitwana wa Reli:
Huyo mzee mpeni na shairi lake baya alisome kabla hajauawa.