Naomba ushauri: umbo la perege ni la kurithi au ni mkondo wa maji?

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Nipo Muheza, Tanga. Perege ninaowapata Mto Zigi penye mkondo mkali ni wembamba. Wa bwawa la Mabayani, maji yaliyotulia, wamenenepa mgongo. Kwa trauti (samaki wa maji baridi) inajulikana mkondo unaweza kumbadili samaki akiwa anakua, na pia kuchuja umbo linalorithiwa vizazi hadi vizazi. Hapa ndipo roho yangu ilipo.

Nataka kuwazalisha wa pande zote mbili, vifaranga wakue kwenye matangi sawa, chakula kilekile, maji yaleyale. Tofauti ikibaki, ni ya damu. Lakini hali ya mama huathiri mayai, je, nisubiri hadi wajukuu wao ndipo nipime umbo? Na nipime picha au samaki mwenyewe?