Filamu imesifiwa dunia nzima, watu wa kibandani wanataka pesa zao. Nifanyeje?

Mwenye Kibanda
Salaam ndugu zangu. Nina kibanda cha video hapa Busia, upande wetu wa Uganda. Televisheni inchi 55, spika mbili, benchi za mbao, jenereta ya akiba. Mpira na filamu zilizotafsiriwa na ma-VJ, wale wanaosimulia filamu kwa sauti yao juu ya picha, maisha yanasonga. Jumamosi iliyopita nikasema nipandishe hadhi kidogo. Nikaweka No Country for Old Men ya mwaka 2007, ya wale ndugu wawili, Joel na Ethan Coen. Si filamu ya kubahatisha. Mwaka 2008 ilibeba Oscar 4, pamoja na ile ya filamu bora.

Nusu saa haijaisha, vijana wa boda wakaanza miluzi. Wazee watatu hivi wametulia tuli, macho hayabanduki. Mwishoni sherifu yuko mezani anamsimulia mkewe ndoto, mara kioo kikawa cheusi. Wote wakanigeukia wakidhani jenereta imekata. "Washa!" Nikawaambia imeisha. Banange! Benchi moja mguu ulikatika palepale.

Sasa mtaa umegawanyika. Wengine hawanisalimii, wengine wananisimamisha njiani wanataka tuijadili. Niirudie Jumamosi hii au niachane nayo? Silali.

Dereva wa Tororo
Filamu ya muuaji halafu mwisho wake ni mzee anasimulia ndoto? Ningevunja benchi mbili.

Mwalimu wa Bombo
Kaka, wateja wako hawakuandaliwa. Ile filamu inakuchezea makusudi. Texas, mwaka 1980, Llewelyn Moss anaokota mkoba wenye dola milioni 2 katikati ya maiti za wauza unga. Anton Chigurh, muuaji wa kukodiwa, anamfuata. Kila mtu anasubiri siku hao wawili watakapokutana uso kwa uso wamalizane. Hawamalizani. Moss anauawa na watu wengine kabisa, tena kamera haipo. Sisi tunafika na sherifu Bell, mambo yameshakwisha. Hapo ndipo unajua kwamba muda wote ulikuwa unamtazama sherifu, mzee aliyezidiwa na uhalifu wa zama mpya. Asiyelielewa hilo anarudi nyumbani na hasira.

Dereva wa Tororo
Mwalimu, mimi nikilipa nataka nifike pamoja na risasi.

Mchinjaji PB
Naomba kuongezea kuhusu ule mtungi wa hewa anaotembea nao Chigurh. Wengi wanadhani ni wa hospitali. Ile ni mashine ya machinjioni, inampiga ng'ombe kwenye paji la uso anazimia kabla ya kuchinjwa. Yeye anaua nao watu, na kufuli za milango anazing'oa nao. Mimi nimefanya kazi machinjioni Kampala tangu ujana, na kwetu ni kisu na bismillahi, lakini filamu ile niliielewa kuliko mtu yeyote nyumbani kwangu. Siku yangu ya kwanza kazini mzee mmoja aliniambia nisimtazame ng'ombe machoni. Nikamtazama. Sikula nyama hadi Idi. Yule Chigurh anatazama watu vilevile tulivyofundishwa tusimtazame mnyama. Mke wangu yeye alilala dakika ya ishirini.

Boda Namayingo
Swali dogo, leseni ya UCC, ile tume ya mawasiliano, unayo?

Mama Shamimu
Mwenye Kibanda, mwanangu, watu hawavunji benchi kwa sababu ya ndoto ya mzee. Mimi nauza chai karibu na kibanda kama hicho, nawajua. Filamu mbaya wanaitukana, wanaondoka, kesho wanarudi. Uliwatoza ngapi?

Mwenye Kibanda
Mama, 2,000. Kawaida ni 500, lakini ile ilikuwa siku maalumu. Nimekodi projekta, nimeweka shuka jipya jeupe, nimenunua mafuta ya jenereta. Gharama zipo.

Mama Shamimu
Na ubao wa nje uliuandika nini?

Mwenye Kibanda
Jina la filamu na saa.

Mama Shamimu
Na nini tena?

Mwenye Kibanda
Basi. Niliandika OSCAR 4, na chini yake USIPORIDHIKA UNARUDISHIWA PESA YAKO. Lakini hilo ni tangazo tu, kila mfanyabiashara anasema hivyo! Duka la simu pale barabarani wameandika kitu hichohicho, hebu nenda ukajaribu kurudisha simu yao uone. Na atapimaje mtu kama ameridhika? Wazee wameridhika. Afisa mmoja wa forodha alinishika mkono akanishukuru.

Afande Mstaafu
Neno ni neno, kijana. Uliandika, lipa. Nimesema.

Lakini hao vijana nao wajue kitu. Nimefanya kazi ya upelelezi hadi nikastaafu, na majalada yasiyo na mwisho ndiyo mengi. Unakwenda kwenye tukio umechelewa, unakuta chai bado ina joto na mtu ameshatoroka. Ile sehemu sherifu anakaa kwenye kochi anatazama kivuli chake kwenye televisheni iliyozimwa, nilisimamisha filamu nikatoka nje kwanza.

Kuna nyingine ya Korea Kusini, Memories of Murder ya Bong Joon-ho, mwaka 2003. Inatokana na mauaji ya kweli ya wanawake wa Hwaseong kati ya 1986 na 1991. Polisi wanapiga watu, wanalazimisha wakiri, wanakosea, na filamu inakwisha muuaji hajulikani. Watu walilalamika kama hao wako. Basi mwaka 2019 vipimo vya DNA vikampata. Alikuwa gerezani miaka yote hiyo kwa kumuua shemeji yake! Mimi naona hiyo ndiyo ungeonyesha, halafu mtu asimame aeleze yaliyotokea baadaye.

Dereva wa Tororo
Afande, kwa hiyo tusubiri miaka 16 ndipo tujue mwisho, na 2,000 yetu iko kwa huyu?

Shabiki wa Wakaliga
Wote mnazunguka. Nabwana, mtengeneza filamu wa Wakaliga kule Kampala, alitoa Who Killed Captain Alex mwaka 2010. Jina lenyewe ni swali, na filamu inaisha hujaambiwa aliyemuua. Nani alivunja benchi? Watu walicheka hadi wakatoa machozi, kwa sababu VJ Emmie hanyamazi. Mtu akianguka, anasema. Mtu akinywa maji, anasema. Mtazamaji wa kibanda anavumilia kukosa mwisho, ila kimya kinamshinda. Na hao ndugu wa Marekani wametengeneza filamu ambayo muziki karibu haupo kabisa, upepo tu na viatu. Weka VJ, tatizo limekwisha.

Mwalimu wa Bombo
Hapana! Kimya ndicho kinachofanya kazi. Kumbuka pale kituo cha petroli, Chigurh anamwambia mzee wa duka achague upande wa sarafu. Mzee hajui kwamba ameweka roho yake pale. Kikaratasi cha vitafunio kimewekwa juu ya kaunta kinajikunjua chenyewe taratibu, unasikia kinavyolia. Sasa VJ aseme nini hapo? "Kikaratasi hicho, ssebo"?

Mwenye Kibanda
Mwalimu, hapo pa sarafu hata boda walinyamaza. Nilimsikia jamaa wa rolex, zile chapati za mayai, nje akikaanga mayai. Kwa hiyo msiseme watu wa Busia hawajui filamu.

Ila Shabiki amesema ninachokiona mimi. Kusema kweli nimeshaongea na VJ mmoja, atakuja Jumamosi. Tumekubaliana atatafsiri yote, na mwisho ataongeza kidogo. Sherifu anapoingia ile hoteli usiku, VJ ataweka mlio wa risasi na kusema Chigurh amekufa. Zile dakika za baadaye ataeleza kwamba ni mambo ya zamani, sherifu anakumbuka. Wote wataondoka wameridhika na sitadaiwa.

Mwalimu wa Bombo
Unamuua Chigurh kwa mdomo?!

Mchinjaji PB
Na ile ajali ya gari anayotoka mkono umevunjika, mfupa unaonekana? Maiti ataendeshaje gari?

Mwenye Kibanda
VJ atajua. Ndiyo kazi yake.

Afande Mstaafu
Pesa ya VJ imetoka wapi?

Mwenye Kibanda
Afande, ni ile ya mlangoni. Nimempa advansi. Ndiyo maana kurudisha sasa hivi ni vigumu, si kwamba nakataa. Na ni kwa faida yao wenyewe, watatazama tena kwa 500 tu.

Mama Shamimu
Kwa hiyo pesa unayodaiwa umeitumia kuwatoza tena. Ulikuja kuomba ushauri wa nini, mwanangu?

Mtazamaji Kimya
Jamani mnapoteza muda. Huu uzi ni wa kutunga. Mwanzo alisema televisheni inchi 55, alipoulizwa bei ikageuka projekta na shuka. Pili, nani Uganda hii anafunga mpira Jumamosi usiku aweke filamu ya Kizungu isiyo na tafsiri? Wangemchoma pamoja na shuka. Huyu ni mwanafunzi wa chuo anakusanya maoni yenu aandike kazi ya darasani. Afisa wa forodha, wazee watatu, jamaa wa rolex anakaanga mayai... mambo yamepangwa mno.

Dereva wa Tororo
Nilijua! Hata "silali" ilinitia shaka.

Boda Namayingo
Ndiyo maana leseni hajibu.

Shabiki wa Wakaliga
Kama ni mwanafunzi basi sehemu ya Wakaliga aniandike jina.

Mwenye Kibanda
Televisheni ninayo, projekta nilikodi, mtu hawezi kuwa na vyote viwili? Mechi iliisha saa nne kasoro, filamu ikaanza saa nne, dakika 122, tumetoka baada ya saa sita. Mimi chuo sijakanyaga.

Fundi Viatu
Si uongo. Nilikuwepo, benchi la pili kutoka nyuma, ukutani. Shuka jipya kweli, bado lina mikunjo ya dukani, uso wa sherifu ulikuwa na mstari katikati muda wote. Mimi niliipenda filamu. Ninachomlaumu ni kwamba aliizima kabla haijaisha. Nilimwona mkono uko kwenye swichi.

Mwalimu wa Bombo
Fundi, pole, filamu ile inaishia hivyohivyo. Inakatika ghafla, giza. Wengi hudhani umeme umekwenda.

Fundi Viatu
Sawa mwalimu. Mimi nilisikia mzee anasema yuko juu ya farasi mlimani, baridi, baba yake anampita amebeba moto kwenye pembe. Hapo giza.

Mwalimu wa Bombo
Hukusikia akisema kwamba ndipo akaamka?

Fundi Viatu
Hakuamka.

Mwalimu wa Bombo
Basi amewakatia. Maneno ya mwisho ya filamu ni kwamba aliamka. Kisha anakaa kimya, mkewe anamtazama, ndipo giza. Mwenye Kibanda, uko hapo?

Afande Mstaafu
Ajibu.

Mwenye Kibanda
Watu walishaanza kusimama, mwalimu. Mafuta ya jenereta yalikuwa mwisho, na projekta ya watu ikizimika ghafla inaungua taa, ninalipa mimi. Mzee amekaa mezani anaongea, hakuna kinachotokea. Zilibaki sekunde. Nani alijua kwamba hizo sekunde ndizo filamu yenyewe?

Mtazamaji Kimya
Naondoa shutuma yangu ya chuo. Mwanafunzi angeimaliza.

Dereva wa Tororo
Yaani watu wamevunja benchi kwa ajili ya mwisho wa Mwenye Kibanda, wale ndugu Coen wanatukanwa bure Busia nzima 😂

Mwalimu wa Bombo
Ushauri wangu ni mmoja. Jumamosi waingie bure waliokuwepo, uonyeshe robo saa ya mwisho, kamili, bila VJ. Atakayechukia baada ya hapo amechukia kihalali, na huyo mrudishie pesa yake.

Mwenye Kibanda
VJ ameshakula advansi, hakubali kurudisha. Labda nionyeshe zote mbili, yake kwanza, halafu ya kweli kwa wanaotaka kubaki.

Mama Shamimu
Ya kwanza anakufa, ya pili anatembea. Hao boda watavunja benchi zilizobaki.

Fundi Viatu
Mimi nitakuja kwa ya pili. Ila 2,000 yangu nitumie leo, namba unayo, ndiyo ileile uliyonipigia nikushonee begi la spika.

Mwenye Kibanda
Fundi, si ulisema uliipenda?

Fundi Viatu
Niliipenda. Ubao haukusema ikipendwa pesa inabaki kwako hata ukiizima.

Boda Namayingo
Na leseni?